Nguo za Kushindia katika Chumba cha Kulia Melini

Wasafiri wa meli za matembezi hata leo hawajapatana juu ya jambo moja: je, yafaa mtu kuingia katika chumba cha kulia, saa ya chakula cha jioni, akiwa amevaa nguo za kushindia? Upande mmoja husema kuwa aliyelipa nauli amenunua pia ruhusa ya kukaa apendavyo, na kwamba fulana na kaptura yake hazimzuii jirani kula. Upande wa pili hujibu kuwa chakula cha jioni ni karamu, karamu ina staha yake, na anayekaa mezani na nguo alizoshinda nazo juani huwavunjia heshima wale waliojitaabisha kuvaa. Shauri hili, likitazamwa kwa haraka, laonekana kuwa la watu wenye fedha na nafasi, lisilomhusu hata kidogo mkulima wa Kisaka katika nchi ya Tarime na Serengeti. Walakini mkoa wa Mara una ziwa kubwa mlangoni pake, na juu ya ziwa hilo zimepita meli zenye vyumba vya kulia tangu mwanzo wa karne ya ishirini. Katika meli hizo swali la nguo lilikuwa na uzito ambao wasafiri wa matembezi hawaujui, kwani jibu lake halikuamua tu mtu ataketi vipi mezani, bali kama ataketi.

Kanuni ya kubadili nguo kabla ya chakula cha jioni haikuzaliwa baharini. Ilitoka katika nyumba za wakubwa wa Uingereza, ikapandishwa melini pamoja na masanduku yao. Tena vazi lenyewe ambalo leo huhesabiwa kuwa kilele cha urasmi, yaani lile koti jeusi fupi la jioni, lilianza maisha yake likiwa nguo ya kupumzikia. Husimuliwa kuwa mnamo mwaka 1865 fundi Henry Poole wa London alimshonea mrithi wa kiti cha Uingereza, aliyekuja kuwa Mfalme Edward wa Saba, koti lisilo na mikia mirefu ya nyuma, apate kulivaa katika chakula cha faragha nyumbani kwake. Wazee wa siku zile, waliozoea koti la mikia, waliliona vazi hilo kuwa ni ulegevu. Miaka hamsini baadaye ulegevu ule ulikuwa sheria, na wajukuu wa waliolalamika wakawa walinzi wake. Jambo hili lafaa kukumbukwa kila asikiwapo mtu akisema kwamba vazi fulani ni rasmi kwa asili yake.

Ulipofunguliwa mfereji wa Suez mwaka 1869, safari za Uhindi na za pwani ya Afrika ya Mashariki zilipata njia fupi, na makampuni ya meli yakaleta daraja la kwanza lenye vyombo vya fedha, nguo za meza zilizonyoshwa na kengele ya kuwaita abiria wavae. Kanuni ilikuwa kali, lakini ukali wake ulikuwa na vituo. Usiku wa kwanza wa safari haukuwa wa kuvaa rasmi, wala usiku wa mwisho, kwa sababu masanduku yalikuwa bado hayajafunguliwa au yalikwisha kufungwa. Katika Bahari ya Shamu, ambako joto la usiku lilimfanya mtu atoke jasho kabla hajamaliza supu, ilikubaliwa kuvua koti na kubaki na shati jeupe, suruali nyeusi na shali pana ya kiunoni. Mavazi hayo yakapewa jina la bahari hiyo. Desturi hizi ziliendelea hata katika meli za British India zilizoitwa Kenya na Uganda, ambazo mwaka 1951 na 1952 zilianza safari kati ya London na Afrika ya Mashariki. Basi msomaji ataona kuwa sheria hii iliyosemekana kuwa ya heshima tupu ilijua kuinama. Iliinamia jua, na iliinamia sanduku.

Katika Ziwa la Viktoria Nyanza meli ya kwanza kubwa ya reli ya Uganda, William Mackinnon, ilishushwa majini Kisumu mwaka 1900, nayo ilikuwa imeletwa kutoka Uingereza vipande vipande. Reli yenyewe ilifika Kisumu mwishoni mwa mwaka 1901. Zikafuata Winifred, Sybil, Clement Hill na Nyanza, kisha Usoga na Rusinga zilizojengwa wakati Vita Kuu ya kwanza inakaribia. Meli hizi zilizunguka ziwa zikipakia pamba, ngozi, kahawa na watu, na bandari zake zilikuwa ni pamoja na Entebbe, Bukoba, Mwanza, Musoma na Shirati. Mtu wa Kisaka aliyekuwa na haja ya kwenda Mwanza, au kutafuta kazi upande wa Kenya kwa njia ya maji, hakuwa na budi kuteremka ziwani na kukata tikiti.

Tikiti aliyokata ilikuwa ya daraja la tatu. Haikuandikwa popote kwamba Mwafrika hana ruhusa ya kununua nyingine, illa bei na desturi vilifanya kazi ya sheria: daraja la kwanza lilikuwa la Wazungu, la pili aghalabu la Wahindi, na la tatu la wenyeji wa nchi. Abiria wa daraja la tatu alikaa sitahani pamoja na marobota na vikapu, akala alichofungasha nyumbani, na akajifunika shuka upepo wa usiku ulipovuma. Chumba cha kulia alikijua kwa taa zake na kwa harufu ya nyama iliyookwa. Kumwuliza mtu huyu kama nguo zake zafaa chumba kile kungalikuwa dhihaka.

Na hapo ndipo penye kosa la kwanza la wale waliodai kuwa kanuni ya mavazi iliwafundisha Waafrika adabu. Mtu wa sitahani alikuwa na adabu ya mavazi kabla ya meli. Watu wa nchi za Mara, kabla ya kuenea kwa shuka na blanketi, walivaa ngozi zilizolainishwa kwa mafuta. Walakini hawakuvaa ngozi ya kazini katika sherehe, wala hawakwenda ngomani na vitu vya malishoni. Wakuria wanajulikana kwa ngoma yao ya litungu, ambayo wachezaji huikanyaga juu ya viatu vizito vya mti. Viatu hivyo havifai shambani, havifai porini, wala havifai safarini; kazi yake ni moja, nayo ni kumtambulisha mtu kuwa amekuja katika shughuli. Mwenye viatu vya namna hiyo hahitaji kufundishwa tofauti ya nguo za kushindia na nguo za kutokea. Alichokosa ni vazi la kutokea la watu wengine.

Kisa cha kanzu chaonyesha jambo hili kwa uwazi zaidi kuliko hoja yo yote. Pwani, kanzu nyeupe yenye tarizi shingoni ni vazi la sala ya Ijumaa, la Idi, la arusi na la baraza. Mtu wa Unguja, Mombasa au Bagamoyo ashindaye nyumbani huvaa msuli au kikoi. Atokapo kwa jambo la maana ndipo avaapo kanzu na kofia ya viua, na mkubwa huongeza joho na kilemba. Sayyid Barghash alipozuru Uingereza mwaka 1875, alipokewa na Malkia Victoria akiwa katika mavazi yake mwenyewe ya kiungwana, na hakuna aliyemtaka avue joho lake avae koti. Kanzu ilisafiri na misafara ya biashara mpaka bara, ikavuka ziwa, ikawa vazi la heshima la Buganda pia. Mwaka 1902, Katikiro Apolo Kagwa na mwandishi wake Ham Mukasa walisafiri kwenda kuhudhuria kutawazwa kwa Mfalme Edward wa Saba, yule yule mwenye koti fupi. Walivuka ziwa kwa meli, wakapanda gari la moshi mpaka Mombasa, wakaingia baharini. Na kanzu na majoho yao yalikuwa mavazi waliyostahili kuvaa mbele ya mfalme. Mukasa aliandika habari za safari hiyo kwa Kiganda, na kitabu chake kikatolewa kwa Kiingereza mwaka 1904.

Wakati huo huo vazi hili lilikuwa likipewa kazi nyingine. Katika nyumba za Wazungu, katika vilabu vyao, katika hoteli na katika usafiri, mtumishi wa mezani alivikwa kanzu nyeupe, shali au mshipi mwekundu, na kofia au tarbushi. Miguu mara nyingi ikaachwa mitupu. Haikosi waliochagua vazi hilo walichagua kwa kulipenda: lilikuwa safi, lilipendeza, nalo lilifunika mwili wote. Hata hivyo matokeo yake yalikuwa mabaya kuliko nia yake. Palikuwa na vazi moja katika Afrika ya Mashariki ambalo Mwislamu wa pwani, mtu mkubwa wa Buganda na mtemi wa bara wote walilikubali kuwa ni la heshima, na vazi hilo ndilo lililogeuzwa kuwa alama ya mtu asimamaye nyuma ya kiti. Tangu hapo sheikh wa Mwanza au mkubwa wa Mengo, hata kama angalikuwa na nauli ya daraja la kwanza mkononi, asingeweza kuingia katika chumba cha kulia na vazi lake bora bila ya hatari ya kuagizwa alete supu. Ili aonekane mgeni, ilimlazimu avue kilicho rasmi kwake na kuvaa kilicho rasmi kwa mwenye meli. Sheria iliyoinamia jua la Bahari ya Shamu haikuweza kuinamia kanzu.

Watetezi wa kanuni wana jibu, na jibu lao halistahili kudharauliwa. Husema kwamba kila mwenyeji ana haki ya kuweka sharti la nyumba yake. Ni kweli. Nyumba ya pwani ina masharti makali kupita ya meli: mgeni huvua viatu mlangoni, hunawa, huketi pale aonyeshwapo, hula kwa mkono wa kulia, na hanyoshi mkono kwenye sinia kabla ya mkubwa. Mzungu aliyeingia barazani na viatu vyenye tope alionekana hana malezi, na aliyemwona hivyo hakukosea. Meza isiyo na sharti lo lote si meza ya watu huru, ni mahali pa kujazia tumbo. Isitoshe, kuvaa kwa ajili ya wenzako ni namna ya kuwaambia kwamba kuonana nao si jambo la kila siku.

Lakini sharti la nyumba hutofautiana na sharti la meli kwa jambo moja kubwa. Mgeni wa nyumbani ameitwa. Anaweza kukataa kwenda. Meli ya ziwa ilikuwa njia ya umma, iliyoendeshwa kwa nauli na mizigo ya watu wote, wakiwamo wakulima wa pamba na wachungaji wa ng'ombe ambao ngozi zao zilijaza ghala za Musoma. Mwenye njia ya umma aweza kudai usafi. Aweza kudai kuwa mwili ufunikwe, kuwa mtu asije na nguo za maji alizoogelea, kuwa asiwaudhi wenzake kwa uchafu au harufu. Madai hayo yanaweza kutimizwa na mtu wa kila taifa kwa vazi la taifa lake. Akipita hapo, akasema kuwa heshima ni koti na tai, amekwisha acha kuuliza habari za heshima. Anauliza mtu ni wa nani.

Tena hata Wazungu wenyewe hawakuwa wamoja katika jambo hili, na ushahidi ulikuwa ufukoni mwa Mara. Mwaka 1934 wamisionari wa Kimennonite kutoka Marekani walianzisha kituo Shirati, wakiongozwa na Elam Stauffer. Kanisa lao la Lancaster liliona tai na mapambo kuwa majivuno, na watumishi wake walivaa koti la rangi moja lisilo na kola ya kukunja, bila ya tai. Wanawake wao wakafunika vichwa kwa vitambaa vyepesi. Mkazi wa nchi ile aliyekuwa ameambiwa kuwa tai ndiyo dalili ya ustaarabu aliwaona watu weupe wasiofunga tai kwa ajili ya dini yao, nao walikuwa wakijenga hospitali na shule. Yamkini jambo hili lilimfundisha mengi kuliko hotuba. Huko mbali zaidi, mwaka 1931, Gandhi alisafiri kwa meli ya Rajputana kwenda mkutano wa London, akaingia hata katika jumba la mfalme wa Uingereza na shuka lake na makubadhi. Lakini yeye alikuwa na mamilioni ya watu nyuma yake. Abiria wa Shirati alikuwa na kikapu chake tu.

Meli ya Victoria ilipoanza kazi mwaka 1961, mwaka ule ule Tanganyika ilipopata uhuru tarehe 9 Desemba, ubaguzi wa rangi ulikuwa umekwisha kuwa aibu. Madaraja yalibaki, na chumba cha kulia kilibaki, lakini mlango wake sasa ulifunguliwa kwa fedha. Ingelitazamiwa kuwa swali la nguo lingekufa hapo. Halikufa, na sababu yake ni nzito kuliko habari yote iliyotangulia: waliokuwa wamezuiwa mlangoni walishika wao kazi ya ulinzi wa mlango.

Viongozi kadhaa walifanya jambo la busara kwanza. Waliacha tai. Mwalimu Nyerere, mzaliwa wa Butiama katika mkoa huu huu wa Mara, alizoeleka katika suti nyepesi ya kola iliyosimama. Kwingineko likaenea koti lililopewa jina la Rais Kaunda wa Zambia. Mavazi haya yaliingia katika karamu za serikali bila ya kuomba radhi, na karamu hazikuharibika. Lakini katika miaka ya 1967 na 1968 serikali iliendesha kampeni ya kuwavika Wamasai suruali, na mwenye shuka lake akanyimwa nafasi katika mabasi. Jirani wa Serengeti, aliyevaa kama baba zake walivyovaa, alizuiwa na Mwafrika mwenzake kupanda chombo cha umma kwa hoja ile ile iliyotumika sitahani: kwamba nguo zake si za watu waliostaarabika. Mwezi wa Oktoba 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ukatangaza Operesheni Vijana, iliyoanza kutekelezwa tarehe 1 Januari 1969, ikipiga marufuku sketi fupi, suruali za kubana, nywele za bandia na dawa za kubadili rangi ya ngozi. Mmoja alilaumiwa kuwa amevaa ya kale mno, mwingine kuwa amevaa ya kigeni mno. Na aliyelipa zaidi, kama ilivyo kawaida katika mambo haya, alikuwa mwanamke mjini na mchungaji bara.

Wala haya si ya zamani tu. Mnamo Novemba 2023 Spika wa Bunge la Taifa la Kenya, Moses Wetang'ula, alitangaza kuwa suti ya Kaunda haikubaliki bungeni. Vazi lililobuniwa ili Mwafrika apate kuwa rasmi bila ya kufunga tai liliwekwa katika fungu la nguo za kushindia, na koti la fundi wa London likabaki ndani.

Katika meli za matembezi mambo yamekwenda upande mwingine. Mwaka 2000 kampuni ya Norwegian Cruise Line ilitangaza safari zisizo na viti maalumu vya mezani wala sharti la koti, na nyingine nyingi zikalegeza kamba. Queen Mary 2, iliyoanza safari mwaka 2004, imeshika desturi ya usiku wa mavazi rasmi. Katika kadi za mialiko ya kibalozi maneno "au vazi la taifa" yamekuwa ya kawaida, nayo ni maneno mazuri. Kama yangeandikwa juu ya mlango wa chumba cha kulia cha Usoga au Rusinga, nusu ya ugomvi huu usingekuwako.

Hata hivyo isidhaniwe kuwa kulegea kwa sharti kumeondoa kilichokuwa ndani yake. Meli za matembezi zitiapo nanga Unguja, na katika hoteli nyingi za kitalii za pwani, mgeni huja mezani na kaptura na kandambili, kifua wazi nusu, na haulizwi neno. Anayemhudumia amevaa kanzu nyeupe iliyopigwa pasi na kofia. Zamani mgeni alivaa rasmi na mtumishi akavikwa urasmi wa pwani ili asionekane mgeni. Sasa mgeni ameachiliwa, na mtumishi hajaachiliwa. Ruhusa ya kaptura haikutolewa kwa kuwa mtu alifikiri upya habari za heshima, bali kwa kuwa mwenye fedha alichoka na tai. Mtumishi wa mezani, akimaliza zamu yake usiku, huvua kanzu ya hoteli akaitundika msumarini, akavaa nguo zake za kushindia kwenda nyumbani. Na Ijumaa inayofuata huvaa kanzu nyingine, aliyonunua kwa fedha yake, kwenda msikitini.